Nilivyomjibu Sheikh kwa Kukoroma

Wenzangu, kuanzia leo sina uso. Asubuhi nilikuwa nao, umepakwa poda na kutiwa wanja, na kikuba cha asumini kikining'inia kifuani. Sasa hivi nimejifungia chumbani naandika haya upesi, kwa sababu najua habari imeshafika stendi, na mambo yakifika stendi hutiwa chumvi. Bora muisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Leo nimeolewa. (Ahsanteni, ahsanteni. Pongezi mtaleta baadaye, kwanza someni.)

Kwa wasionijua: mimi ni Zuhura, fundi cherehani wa Dunda, hapahapa Bagamoyo. Nina ugonjwa mmoja tu duniani, pua. Mikorosho na miembe ikianza kutoa maua, mimi najua kabla ya nyuki. Pua inawasha, macho yanakuwa mekundu, machozi yananitoka kama nimefiwa. Nashona gauni la mteja huku nalia. Kuna wamama wameshanishika bega wakaniambia, "Subira mwanangu, wanaume ndivyo walivyo," na mimi wakati ule sina hata mwanaume wa kumsingizia.

Machozi hayo ndiyo yaliyoniponza. Mwaka jana, msimu kama huu, Shabani alileta posa. Shabani ni fundi pikipiki wa Chalinze, mpole, ana meno mazuri. Tulijuana alipokuja kwa mjomba wake huku Dunda, akaniletea suruali nimpunguzie urefu. (Nilimpunguzia kidogo mno makusudi, ili airudishe. Akairudisha mara mbili. Nadhani na yeye alikuwa anajua.) Kwa hiyo posa ilipokuja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nyumba ile.

Nikaambiwa nipeleke kahawa na visheti kwa wageni. Nikaingia na sinia. Jamani, machozi! Yanashuka mashavuni mpaka kidevuni, na mikono yote miwili iko kwenye sinia, siwezi hata kujifuta. Nikamwamkia shangazi yake Shabani, Bi Mwajuma, "Shikamoo shangazi," na sauti ikatoka ya kilio kitupu. Bi Mwajuma akaitika marahaba taratibu. Akanitazama mimi, akamtazama baba yangu, akakirudisha kisheti sahanini bila kukiuma.

Huyu Bi Mwajuma ndiye aliyemlea Shabani tangu mdogo. Yeye mwenyewe aliozwa kwa nguvu enzi za usichana wake, na alishaapa kwamba haingii nyumbani kwake mtoto wa mtu anayelia. Kiapo kizuri, nakiheshimu sana. Lakini mimi nilikuwa nalizwa na mikorosho! Nikaapa, mama akaapa, Shabani akambembeleza njia nzima ya kurudi Chalinze. Akakubali kwa shingo upande.

Halafu baba yangu, bila kuniuliza, akapanga ndoa mwaka huu, msimu uleule wa maua. Nikamwomba tusogeze mbele kidogo, maua yaanguke. Akakataa, lakini maneno yakafika Chalinze: mwari anavuta siku. Bi Mwajuma akatuma ujumbe. Siku ya ndoa, Sheikh aende mwenyewe ndani kwa bibi harusi, amuulize, tena amsikie kwa masikio yake akisema ameridhika. Akikutwa analia, wao wanageuza gari.

Shabani akanipigia simu.

"Zuhura, mimi nakuamini. Lakini shangazi ndiye mama yangu. Naomba siku hiyo usilie."

"Silii."

"Wala usipige chafya."

"Na chafya pia?"

"Wewe ukipiga chafya ndiyo umefungua bomba."

Ni kweli. Basi kazi yangu ya leo ilikuwa hiyo moja: macho makavu, na neno moja la kumwambia Sheikh. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Jana nikaenda duka la dawa. Dada wa pale ananifahamu, nilimshonea sare. Nikamwambia nataka kitu cha kukausha macho na pua, kesho naolewa. Akanipa vidonge vidogo vyeupe.

"Meza kimoja asubuhi. Hiki hakiwaletei watu wengi usingizi. Ila usichanganye na dawa nyingine."

"Hata ya mafua?"

"Hasa ya mafua. Na ya kikohozi. Utakuwa unaendesha chombo chochote?"

"Kesho? Kesho mimi ndiye nitakayeendeshwa."

Akacheka, mimi nikacheka. (Mngeniona nilivyocheka, kama mtu mwenye akili zake.)

Asubuhi nikameza kimoja kama nilivyoelekezwa. Na wallahi kilifanya kazi. Nimevikwa, nimepambwa, macho meupe, pua imetulia. Asha, mdogo wangu, akanipiga picha, nikajiona nimependeza mpaka nikajionea wivu. Kwa Bi Mwajuma leo sina deni, nikasema moyoni.

Ndipo akaingia somo yangu, Bi Kidawa, na chetezo cha udi.

Somo ndiye mwanamke anayemfunda mwari na kumsimamia mpaka aolewe, na somo yangu mimi anasimamia kweli. Akasema hajawahi kumtoa mwari bila kumfukiza na leo hataanza. Nikamweleza habari ya pua. Akasema udi ni dawa ya pua. Akanifunika shuka gubigubi, chetezo miguuni, moshi ukapanda ukanikuta juu huku sina pa kukimbilia. Nilipofunuliwa nilikuwa nanukia vizuri sana, na nilikuwa nalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Taharuki! Nje turubai limejaa, wageni wa Chalinze wameshateremka kwenye gari, na bibi harusi wanja umefika shingoni. Mama akashika kichwa. Mama mdogo Hadija akafungua pochi lake, akatoa kidonge cha njano.

"Meza hiki. Mimi nakimeza kila mwaka, hakina neno."

(Mama mdogo kila mwaka msimu huu analala kutwa nzima. Familia tulidhani ni uvivu. Tumemsema sana. Leo natangaza hadharani kumwomba radhi.)

Nikakumbuka maneno ya dada wa duka la dawa. Nikasita. Kisha nikasikia sauti ya Bi Mwajuma barazani akiuliza, "Na huyo mwari yu hali gani?" Nikakimeza bila maji.

Hakijakaa hata tumboni, bibi yangu mzaa mama akaja na chupa ya dawa ya maji ya kikohozi na kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi. "Hicho kidonge kitachelewa njiani," akasema. "Hii inateremka yenyewe."

"Bibi, niliambiwa nisichanganye."

"Dawa na dawa haziwezi kugombana. Zote zinakutakia heri. Fungua kinywa."

Sasa nambieni, kuna mtu wa pwani anayemkatalia bibi yake siku ya harusi? Nikafungua kinywa. Kijiko kikaingia kizima. Wenzangu msifanye kama mimi. Niliambiwa, nilielewa, na bado nilifanya.

Mjue pia kwamba usiku wa kuamkia leo sikulala. Nilikuwa na hina mikononi na miguuni, na ukilala na hina mbichi unaamka na maua shavuni.

Machozi yakakata! Pua ikakauka kama kibanda cha chumvi. Nikafutwa, nikapakwa upya, nikarudi kuwa malkia. Nikakalishwa kitandani, mito imepangwa nyuma yangu, mito ile ya harusi iliyojazwa sufi, laini, mirefu. Nikateremshiwa shela usoni. Bi Kidawa akaninong'oneza, "Inamisha kichwa. Fumba macho. Usitikisike. Mwari ni haya."

Sijui nani alianzisha desturi hii, lakini najua hakuwahi kumeza dawa ya aleji.

Nilifumba macho. Nakumbuka nikiwaza: Sheikh akiniuliza, nitasema "nimeridhika" kwa sauti ndogo, tamu, ya kiasi. Nikaifanyia mazoezi moyoni. Nimeridhika. Nimeridhika. Nimeri...

Haya yanayofuata nimesimuliwa na Asha, kwa sababu mimi sikuwepo.

Nje, chini ya turubai, fundi wa spika alikuwa amembania Sheikh Athumani kipaza sauti kidogo kwenye kanzu, kifuani, ili hotuba ya ndoa isikike mpaka barabarani. Sheikh Athumani ni mtu mzima, mwenye elimu yake, lakini mambo ya vipaza sauti vya kubanwa hakuyazoea. Yeye amezoea kile cha kushika, ukikiweka chini kimekwisha. Kwa hiyo alipoinuka kuja ndani na mashahidi wawili, alikuja nacho kifuani kinawaka. Turubai zima likawa linasikia kandambili zake kwenye korido.

Wakaingia. Wanawake wakanyamaza. Sheikh akatoa salamu, wakaitika. Akaketi kwenye kiti mbele ya kitanda.

"Bi Zuhura binti Rajabu. Baba yako amenipa idhini nikuozeshe kwa Shabani bin Mfaume, kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhika?"

Kimya.

"Mashallah," akasema shahidi wa kwanza, mjomba Seif, ambaye alikuwa ameshanusa pilau. "Kunyamaza kwa mwari ndiyo ridhaa yake. Twendeni, Sheikh."

"Najua," akasema Sheikh. "Lakini leo nimeombwa nimsikie. Bi Zuhura, usione haya mwanangu. Umeridhika?"

Ndipo, kwa ushahidi wa Asha na wanawake wote waliokuwemo, nikajibu. Nilijibu kwa koromo moja refu, la kutoka tumboni, lenye kifilimbi mwishoni.

Bi Kidawa akakohoa kulifunika. Mama mdogo naye akakohoa. Bibi akakohoa kwa kuchelewa, peke yake.

"Ni nini hicho?" Sheikh akauliza.

"Anavuta uradi, Sheikh," akasema Bi Kidawa bila kupepesa. "Tangu alfajiri yumo katika dhikri."

Nje, koromo lilitoka kwenye spika mbili kubwa. Watu wakaruka mikekani. Fundi wa spika akapiga kelele, "Waya huo! Waya!" akaanza kuzichomoa na kuzichomeka. Hakuona tofauti, akaamua kuongeza sauti ili asikie vizuri tatizo liko wapi.

Sheikh akauliza mara ya tatu. Nikakoroma mara ya pili, kubwa kuliko la kwanza, na safari hii shela ikapanda na kushuka.

Sheikh Athumani akavua miwani akaifuta. "Wallahi," akasema, "katika vitabu nilivyosoma, mwari kunyamaza nimekukuta. Kulia nimekukuta. Kucheka pia kupo. Kukoroma sijakukuta mahali popote."

"Si namna ya kunyamaza hiyo?" akasema mjomba Seif. "Hakusema kitu."

"Seif, huyu amelala. Aliyelala hana ridhaa."

Na turubai zima likasikia: huyu amelala.

Asha alikuwa anachungulia dirishani wakati huo. Anasema watu wote waligeuka kumtazama baba. Kisha Bi Mwajuma akasimama upande wa wanawake, akafunga kanga kiunoni.

"Si niliwaambia? Mwaka jana analia, leo wamemlevya! Wamemnywesha kitu mtoto wa watu asiweze kukataa! Tunaondoka. Dereva yuko wapi?"

Baba yangu akainuka kumtuliza, akaambiwa akae chini. Gari la Chalinze likawashwa. Wazee wakawa wanatafuta viatu vyao. Na Shabani, kilemba kichwani, joho begani, akasimama pale pale kwenye mkeka wa ndoa. Asha anasema hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mimi simuoi mtu aliyelazwa," akasema. "Kama Zuhura ananitaka, angenambia akiwa macho. Kama hanitaki, asilazimishwe kwa ajili yangu. Namwacha huru." Akaanza kufungua kilemba.

Yaani mwanaume ninayemtaka anaondoka kwa sababu ya heshima zake nzuri, zilezile nilizompendea, na mimi niko ndani nakoroma!

Asha akakimbia. Akanishika mabega akanitikisa, nikaendelea. Akaniita jina, nikaendelea. Akaninyanyulia shela, akanipiga kofi dogo la adabu, nikageuka upande wa pili nikaukumbatia mto. Ndipo alipoona mrashi mezani, ile chupa ya marashi ya kunyunyizia wageni. Hakunyunyiza. Alifungua kifuniko akanimiminia usoni yote.

Kutoka hapa naweza kuwasimulia mwenyewe, maana marashi yaliingia puani.

Pua yangu ilikuwa imezuiwa kupiga chafya tangu asubuhi. Dawa tatu ziliikalia. Sasa ikalipa zote kwa mkupuo. Ilitoka chafya ambayo sijawahi kuipiga katika maisha yangu, nikainuka nayo mpaka nikakaa, shela ikaruka, na ikamkuta Sheikh Athumani kifuani, pale pale palipobanwa kile kipaza sauti.

Nje, anasema fundi, spika moja ilikufa palepale. Iliyobaki ilitosha.

Nikafumbua macho. Mbele yangu Sheikh ameloa. Pembeni mama analia. Nikasikia injini ya gari, na honi, na sauti ya Bi Mwajuma akisema, "Shabani, panda mwanangu." Asha akanipigia kelele sikioni, "Wanaondoka! Wanasema hujaridhika!"

Wenzangu, ile sauti ndogo niliyoifanyia mazoezi, tamu, ya kiasi, sijui ilikwenda wapi.

"NIMERIDHIKA!" Nikasimama juu ya kitanda. "Nimeridhika, Sheikh! Namtaka! Nimeridhika tangu mwaka jana! Sikulia mimi, ni mikorosho! Shabani usipande gari! Suruali nilikosea makusudi! Mwambieni asipande gariii!"

Nikaona wanawake wote wananitazama midomo wazi. Nikadhani wanashangaa nilivyosimama kitandani. Kisha nikasikia neno "gariii" likirudi kutoka barabarani, linapita juu ya bati za jirani, linaelekea sokoni.

Nikakitazama kile kidude kwenye kanzu ya Sheikh. Kilikuwa na kitaa cha kijani.

"Kinawaka?" nikauliza.

"Kinawaka?" dunia nzima ikauliza kwa sauti yangu.

Nikakaa. Nikachukua shela nikajifunika. Nilitaka kulala tena, safari hii kwa hiari.

Sheikh Athumani akafuta kanzu kwa leso yake, akavaa miwani. Sijapata kuona mtu akijizuia kucheka kwa ucha Mungu kiasi kile. Akawageukia mashahidi.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," akasema mjomba Seif. "Na Msata wamesikia, Sheikh."

Huko nje vigelegele vikaripuka. Wanaume wakapiga takbiri, wengine wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dereva akazima gari bila kuambiwa. Sheikh akarudi kwenye mkeka, akaketi na Shabani, na kwa kuwa kipaza sauti kiliendelea kuwaka, na mimi nilisikia kila kitu. Nilimsikia Sheikh akisoma hotuba. Nilimsikia Shabani akitakiwa kusema "nimekubali kumuoa", akaanza, akashikwa na kicheko, akaomba radhi, akaanza tena. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa inatetemeka, na safari hii haikuwa kicheko. Hapo machozi yalinitoka na wala sikuyafuta.

Hawajamaliza kugawa kahawa, mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mwajuma. Wanawake wakampisha. Nikashuka kitandani nikapiga magoti, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akaninyanyua kidevu kwa kidole. Akanitazama macho, moja baada ya lingine, kama anachagua nazi. "Sasa unalia nini?"

"Sasa nalia kweli, shangazi. Kwa furaha. Yale ya mwaka jana yalikuwa ya mikorosho."

"Mikorosho inalizaje mtu?"

Nikamweleza. Maua, pua, macho kuwasha, kila mwaka msimu huuhuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso umebadilika. Akakaa kitandani karibu yangu.

"Na unawashwa mpaka ndani ya masikio?"

"Ndiyo shangazi."

"Na asubuhi unapiga chafya mpaka unakosa kuhesabu?"

"Kabisa."

"Lo!" akasema. "Mie huu mwaka wa ngapi sijui, nafikiri nina jini."

Bibi yangu akanyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa ya kikohozi. Chumba kizima kikapiga kelele, "Usimpe!"

Asha ameshampigia simu dada wa duka la dawa kumuuliza kama nitakuwa salama. Nimegombezwa mpaka simu imepata moto. Kasema ninywe maji mengi, nisiachwe peke yangu mpaka usingizi uishe, na mtu yeyote katika familia ile asinikaribie na kijiko. Nikizidi kulegea nipelekwe hospitali. Sijalegea, naona aibu tu, na aibu inaweka mtu macho kuliko kahawa. Asha yuko mlangoni ananilinda, ananisomea mnayoyaandika, na nyinyi wa Dunda mmeshaanza. Nimeona mmoja kaweka sauti yangu iwe mlio wa simu yake. Nakujua, na gauni lako la Idi liko kwangu.

Nimebakiza moja la kuwaambia, halafu nakwenda kula pilau langu.

Shabani aliletwa ndani kunipa mkono, kama ilivyo desturi. Kaingia na wazee nyuma yake, wananyoosha shingo. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasoma dua, kila kitu kwa utaratibu wake. Kisha wazee walipokuwa wanasukumana mlangoni kutoka, akainama, akaninong'oneza.

"Zuhura, uko macho?"

"Niko macho."

"Basi niambie tena. Bila spika."

Wenzangu, mwanamke aliyetangaza mpaka sokoni alishikwa na haya mpaka vidole vya miguu vikajikunja. Nikatazama hina yangu. Nikatazama joho lake. Mwisho nikasema, kwa ile sauti ndogo niliyoiandaa, "Nimeridhika." Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye.

Kwa hiyo jueni kwamba jibu langu nilishalitoa kwa mwenyewe, na lile mlilosikia nyinyi lilikuwa tangazo tu. Naomba msicheke. Na wewe uliyerekodi, nakuomba kwa jina la Mungu, ifute hiyo video leo hii hii. Ila nitumie mimi kwanza.